Chagua Kanisa Kwanza: Jioni ya Muziki Suffolk

Mara ya kwanza niliponunua tiketi ya tamasha la muziki wa klasiki katika kanisa la kijijini Uingereza, nilichagua kwa majina. Nilitafuta mtunzi niliyemjua na mpiga piano niliyewahi kumsikia redioni, nikalipa, nikapanda treni. Nikaishia nyuma ya nguzo nene kama mbuyu. Kwa saa mbili niliona kiwiko kimoja cha mpiga piano, na zile noti zake za mbio zilinifikia zimechanganyika kama mvua juu ya bati. Piano ilikuwa nzuri, mpigaji hodari, kanisa la kupendeza. Mwenye kosa nilikuwa mimi, niliyeanza na muziki nikamalizia na jengo, wakati ilitakiwa nifanye kinyume chake.

Siku hizi naanza na kanisa. Nataka kujua paa lake ni la mbao au la mawe, nguzo zake ziko wapi, madirisha yake yanaingiza mwanga kiasi gani saa za jioni. Nikishajua hayo ndipo natazama programu kuona ni muziki gani kati ya uliotangazwa ambao jengo lile litaubeba bila kuuharibu. Ndivyo nitakavyokuongoza hapa, na mfano wangu utakuwa Suffolk, pwani ya mashariki ya Uingereza, mahali ninapopajua kuliko pengine, na ambako kila Juni hufanyika Tamasha la Aldeburgh.

Aldeburgh ni mji mdogo wa wavuvi unaotazama Bahari ya Kaskazini, wenye ufuko wa kokoto. Tamasha lilianzishwa hapo mwaka 1948 na watu watatu: mtunzi Benjamin Britten, mwimbaji Peter Pears aliyekuwa mwenzi wake wa maisha, na mwandishi Eric Crozier. Ukumbi wa mji ulikuwa mdogo, jukwaa lake finyu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza waligeukia makanisa. Kazi ya Britten kuhusu Mtakatifu Nikolasi ilipigwa mwaka huo huo ndani ya kanisa la parokia. Baadaye, mwaka 1967, ghala kubwa la kutengenezea kimea cha bia katika kijiji cha Snape, kama kilomita nane kutoka mjini, liligeuzwa ukumbi wa kisasa na Malkia Elizabeth II akaja kuufungua. Miaka miwili baadaye, usiku wa kwanza wa tamasha la 1969, ukumbi huo ukateketea kwa moto. Tamasha halikuvunjika. Opera ya Mozart, Idomeneo, ilifungashwa na kuhamishiwa kanisa la kijiji cha Blythburgh, ikaimbwa huko. Mwaka uliofuata Snape ilikuwa imejengwa upya, na leo maonyesho makubwa hufanyika pale. Lakini makanisa hayakuachwa, na mgeni anayeishia Snape peke yake amekosa nusu ya tamasha. Kwa maoni yangu, amekosa ile nusu nzuri.

Blythburgh

Ukitokea kusini kwa barabara kuu unaliona kanisa kabla hujakiona kijiji. Limekaa juu ya kinamasi cha mto Blyth kama jahazi lililopweleka, na wenyeji huliita kanisa kuu la kinamasi. Urefu wake unakaribia mita 40, ilhali kijiji chenyewe kina watu wachache mno. Usishangae. Katika karne ya 15, lilipojengwa upya, eneo hili lilikuwa na bandari, uvuvi na biashara ya sufu. Kisha mto ukajaa tope, meli zikawa kubwa zaidi, fedha ikahama. Kanisa likabaki.

Fika mapema, angalau saa nzima kabla, ulitazame lingali tupu. Nitakwambia pa kuanzia. Inua macho: paa ni la mbao, bapa, na juu yake bado unaona rangi za kale, maua mekundu na ya kijani kwenye weupe uliofifia. Katikati, kutoka mbele hadi nyuma, kuna malaika wa mbao waliotandaza mabawa. Baadhi yao wana matundu. Kwa miaka mingi lawama ilimwangukia William Dowsing, Mpuritani aliyezunguka Suffolk mwaka 1644 akivunja sanamu na vioo vya rangi. Mafundi walipokuja kutengeneza paa katika karne ya 20 walikuta risasi ndani ya mbao, ila za bunduki za karne ya 18, na daftari la hesabu za kanisa lilikuwa na jibu: kanisa lilinunua baruti na risasi ili kuwapiga kunguru waliokuwa wamejazana mle ndani. Malaika walipata tu ajali ya kusimama karibu na kunguru.

Kisha nenda kwenye mlango wa kaskazini. Una alama nyeusi za kuungua. Tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, radi ilipiga, kilele cha mnara kikaporomoka kupitia paa, mtu mzima mmoja na mvulana wakafa. Wenyeji walisimulia kwamba aliyepita ni mbwa mweusi wa kishetani, na kwamba alama zile ni kucha zake. Hadithi hiyo utaisikia kutoka kwa mtu wa tatu utakayezungumza naye, kama si wa pili. Msikilize kwa adabu hata kama umeshaisoma hapa.

Na mabenchi. Ncha zake zimechongwa watu wadogo wanaoonyesha dhambi kubwa za binadamu: mlafi ameshika tumbo, mvivu yuko kitandani. Jaribu kuepuka kukaa na mlafi ubavuni mwako. Anakukumbusha kwamba hujala.

Vioo vingi vya rangi vilivunjwa zamani, na vilivyobaki ni vichache. Waliosoma historia ya sanaa husikitika, na wana haki. Lakini sisi tunaokwenda kusikiliza muziki tumefaidika, kwa sababu madirisha yale makubwa sasa ni ya kioo cheupe. Jua la Juni huingia kwa ubavu, hupanda ukutani polepole, na kufikia sehemu ya pili ya onyesho mbao za paa zimekuwa rangi ya asali. Hakuna ukumbi unaoweza kukuuzia mwanga wa aina hiyo.

Muziki gani, na ukae wapi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Sauti ndani ya kanisa haifi inapotoka. Inagonga ukuta, inagonga paa, inarudi ikiwa imechelewa. Jiwe huirudisha karibu yote. Mbao hunyonya kiasi. Ndiyo maana kanisa lenye paa la mawe lililopinda hufanya kwaya isikike kama inatoka mbinguni, na piano isikike kama ajali. Blythburgh, kwa paa lake la mbao, ina mwangwi wa wastani: mrefu wa kutosha kuzipa sauti joto, mfupi wa kutosha kukuachia maneno. Tena kanisa lililojaa watu huwa kavu kuliko kanisa tupu, kwa sababu miili na makoti yetu nayo hunyonya sauti. Ukiwasikia wanamuziki wakifanya mazoezi alasiri ukadhani mwangwi umezidi, ngoja watu waketi.

Kutokana na hayo, cha kwanza cha kutafuta kwenye programu ya kanisa ni waimbaji bila ala. Muziki wa karne ya 16, wa watu kama William Byrd, ulitungwa na watu waliojua mawe na mbao zitafanya nini na sauti zao. Mwangwi ni kama mwimbaji wa ziada ambaye halipwi. Cha pili, ala moja peke yake: chelo moja ikipiga Bach katika kanisa la kijiji inatosha kabisa, na mtu asiyewahi kusikiliza klasiki anaielewa bila maelezo. Cha tatu, kwarteti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola na chelo. Hii nayo hufaa, ila ukae karibu. Kinanda cha kanisa kisikilize mbali kidogo kutoka kilipo. Mimi piano yenye vidole vya mbio nimeiachia Snape.

Kiti basi. Kanisa la aina hii lina ukumbi wa katikati na mbavu mbili, kushoto na kulia, na kinachovitenganisha ni safu za nguzo. Viti vya ubavuni ni vya bei nafuu na wauzaji waaminifu hukuandikia wazi kwamba huoni vizuri. Amini maandishi hayo. Kwa kwaya, kiti cha ubavuni si hasara kubwa, sauti itakufikia ikizunguka nguzo. Ila chagua kiti cha mwisho wa benchi upande wa katikati uweze kuinamisha shingo. Kwa kwarteti, lipa zaidi ukae katikati, safu ya tano au sita. Safu ya kwanza kabisa iache, utasikia pumzi za wapigaji na kukwaruza kwa pinde kuliko muziki, isipokuwa kama wewe mwenyewe ni mpigaji na hicho ndicho unachotaka kujifunza.

Ukiona kwenye programu kazi ya Britten aliyoitungia kanisa, iweke juu ya kila kitu. Kusini kidogo, katika kanisa la Orford, ndiko ilikoimbwa kwa mara ya kwanza Noye's Fludde, hadithi ya Nuhu na gharika, mwezi Juni 1958. Waimbaji wengi na wapigaji wengi ni watoto wa shule. Matone ya kwanza ya mvua yanapigwa kwa vikombe vya chai vilivyoning'inizwa kwenye kamba na kugongwa kwa kijiko cha mbao, na katikati ya tufani hadhira nzima husimama kuimba tenzi pamoja na watoto. Huna haja ya kujua chochote kabla ya kwenda. Ni mojawapo ya sehemu chache katika muziki huu ambapo mtu aliyekulia kwenye kwaya ya mtaani atajikuta ana kazi ya kufanya. Miaka ya 1964, 1966 na 1968 Britten alizindua hapo Orford tamthilia tatu nyingine za kuimbwa kanisani; ya kwanza, Curlew River, aliichota katika mchezo wa kale wa Kijapani kuhusu mama anayemtafuta mtoto wake aliyepotea, akaihamishia kwenye kinamasi cha mashariki ya Uingereza. Hiyo ni nzito. Iendee ukiwa umelala vizuri.

Neno kwa waliotoka kwenye kwaya

Mimi nililelewa katika kwaya ya Kilutheri chini ya Kilimanjaro, nikiimba besi, mwalimu akiandika solfa ubaoni kwa chaki. Kwa muda mrefu nilidhani "muziki wa klasiki" ni mali ya watu wengine. Kisha siku moja, katika kanisa la kijiji la huku, waliimba sehemu za Mateso ya Yesu ya Bach kwa mujibu wa Mathayo, na katikati nikaisikia tuni yetu ya Ijumaa Kuu, ile ile tuliyoiimba kwa Kiswahili kwa sauti nne, isipokuwa besi ilikuwa inatembea zaidi. Nikaanza kuimba kimoyomoyo. Baadaye nikasoma kwamba hata Bach aliiazima: Hans Leo Hassler alikuwa ameichapisha mwaka 1601 kama wimbo wa mapenzi. Kwa hiyo kama umewahi kuimba tenzi za Kijerumani zilizotafsiriwa, au "Haleluya" ya Handel wakati wa Pasaka, usiingie kanisani hapo ukijiona mgeni wa muziki. Unaujua kwa ndani, kutoka kwenye sauti yako mwenyewe, kuliko nusu ya watu waliokaa safu yako.

Na kwa msomaji Mwislamu, maana nimeulizwa zaidi ya mara moja: onyesho la tamasha si ibada, hata likiwa kanisani. Hakuna sala utakayotakiwa kuitikia wala atakayekuambia upige magoti. Kilicho ibada ni sala ya jioni ya kuimba, ambayo Waanglikana huiita Evensong, na hiyo haina tiketi; ni bure kwa yeyote anayetaka kusikia kwaya nzuri. Kuhusu swala, Juni ni mwezi wa ajabu kaskazini huku. Jua la Suffolk huzama karibu saa tatu na dakika ishirini usiku kwa saa yetu. Alasiri utakuwa umeshaiswali kabla ya kutoka, na Magharibi huingia takriban wakati onyesho linapomalizika.

Hapo hapo nitaje saa, kwa sababu imeshamkosesha rafiki yangu mmoja onyesho zima. Tiketi ikiandikwa 7.30 jioni, hiyo ni saa moja na nusu yetu. Yeye alipiga simu nyumbani kumweleza dada yake kwa Kiswahili, wakaelewana vizuri, kisha akaja kwa saa aliyoisema kwa Kiswahili akiwa anaisoma kwenye saa ya Kizungu. Alifika kanisa limefungwa saa sita kabla, akachoka kusubiri, akarudi.

Tiketi na njia

Programu hutangazwa miezi mingi kabla ya Juni, na maonyesho ya makanisani huisha mapema kwa sababu viti ni vichache. Usisubiri majani yachanue. Tamasha linaendeshwa na taasisi iitwayo Britten Pears Arts, na tiketi huuzwa kwao moja kwa moja. Uliza kama kuna bei ya vijana au wanafunzi. Aghalabu ipo, na hawakutangazii kwa sauti kubwa. Viti vikiwa vimekwisha, jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri. Wazee wengi hununua tiketi za wiki nzima, kisha goti linauma, tiketi inarudi.

Kwa treni, kutoka London unaondokea kituo cha Liverpool Street hadi Ipswich, zaidi kidogo ya saa moja. Hapo unabadili, unapanda treni ndogo ya kwenda Lowestoft inayosimama kila kituo. Kwa Aldeburgh na Snape shukia Saxmundham. Kwa Blythburgh shukia Darsham au Halesworth. Blythburgh yenyewe ilikuwa na reli nyembamba hadi mwaka 1929, na ya Aldeburgh ilifungwa kwa abiria mwaka 1966. Zote zimebaki picha kwenye kuta za baa.

Kutoka kituoni hadi kanisani ni teksi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Huku ni shamba. Usitegemee kuita gari kwa programu ya simu kama London au Dar es Salaam. Madereva ni wachache, wanajuana, na usiku wa tamasha wote wameshakodiwa. Piga simu siku kadhaa kabla, agiza safari ya kwenda na ya kurudi, mwambie dereva jina la kanisa na kwamba unakwenda kwenye muziki. Atajua mwenyewe utatoka saa ngapi kuliko unavyojua wewe. Kabla ya yote angalia treni ya mwisho ya kurudi, hasa Jumapili ambapo treni hupungua. Ikiwa muda umebana, lala Halesworth au Saxmundham. Vyumba vya Aldeburgh kwenyewe mwezi Juni ni ghali, na kwa fedha hiyo ungenunua tiketi tatu.

Mkiwa watu wanne kodini gari. Barabara za kijijini ni nyembamba na maegesho ni konde la mkulima, kwa hiyo viatu vya kisigino kirefu vibaki nyumbani.

Kilichobaki cha mavazi nitakisema haraka. Hakuna sare. Utaona koti la kitani karibu na sweta lenye kiraka, na kanga au kitenge kizuri hakitamshangaza mtu ila kwa kukisifu. La muhimu ni joto: mawe yaliyokaa baridi tangu Novemba hayajali kwamba kalenda inasema kiangazi. Beba sweta na kitu cha kufunika magoti. Beba pia mto wa kukalia. Mabenchi ya Blythburgh yalichongwa na watu walioamini kwamba raha ya mwili ni hatari, na wenyeji huja na mito yao kwapani bila aibu yoyote.

Ukiwa ndani

Kazi nyingi za klasiki zina sehemu tatu au nne zinazotenganishwa na kimya. Desturi ni kutopiga makofi katikati. Nilipokuwa mgeni nilipiga, peke yangu, makofi matatu yaliyosikika hadi mnarani. Hakuna aliyenikaripia, mama mmoja wa makamo mbele yangu aligeuka akatabasamu kama mtu anayemwona mtoto ameanguka bila kuumia. Njia rahisi ni kutazama mikono. Wapigaji wakiwa wameinua pinde juu ya nyuzi, au kiongozi mikono yake ikiwa hewani, kazi haijaisha. Mikono ikishuka na mabega yakilegea, imeisha. Hata hapo ngoja pumzi moja, kwa sababu kanisani noti ya mwisho inaendelea kusafiri baada ya mpigaji kumaliza, na kile kimya kinachofuata ndicho watu wengi wamekifuata huko. Zamani katika makanisa mengi ya Uingereza makofi hayakupigwa kabisa, watu walikaa kimya kisha wakatoka. Siku hizi wanapiga, tena kwa muda mrefu.

Vigelegele? Nimevisikia mara moja tu, kutoka kwa bibi wa Kitanzania aliyekuja kumtazama mjukuu wake akiimba. Kanisa zima lilimgeukia, kisha likampigia makofi yeye. Sitakuambia ufanye wala usifanye.

Zima simu, usiifanye kimya tu, maana mtetemo wake juu ya benchi la mwaloni unasikika kama nyuki kwenye debe. Pipi ya kikohozi ifungue kabla hawajaanza. Ukibanwa na kikohozi kweli kweli, subiri sehemu yenye sauti kubwa. Ipo, watunzi wana huruma.

Mapumziko yana jambo moja litakalokushtua. Waingereza hutoka nje na vikapu vyao, wakatandika shuka kwenye majani, wakala mkate na kunywa mvinyo katikati ya makaburi. Wengine huegemea jiwe la kaburi la mtu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita. Mimi sikuweza kwa misimu miwili. Kwetu ungeitishiwa kikao cha ukoo. Nimeelewa kidogo kidogo kwamba kwao uwanja wa kanisa ni bustani ya kijiji, na marehemu wanahesabiwa miongoni mwa wanakijiji. Ukiona vigumu, kuna ukuta mfupi wa kukalia, au tembea upande unaotazama kinamasi uangalie ndege wa majini. Choo kiulizie kabla ya kuanza, foleni ya mapumziko ni ndefu na makanisa ya karne ya 15 hayakukumbuka jambo hilo.

Kama una siku ya ziada

Tumia asubuhi Aldeburgh. Makaburi ya Britten, aliyefariki Desemba 1976, na Pears, aliyemfuata mwaka 1986, yako sambamba katika uwanja wa kanisa la parokia, mawe mawili meusi yasiyo na mapambo. Kaburi la Britten lilitandikwa matete yaliyokatwa kwenye kinamasi cha Snape. Ndani ya kanisa kuna dirisha la rangi la kumkumbuka, lililobuniwa na John Piper, linaloonyesha zile tamthilia tatu za Orford. Nyumba waliyoishi, iitwayo The Red House, inapokea wageni. Ukinunua samaki na chipsi ukaketi ufukoni, kumbatia karatasi yako: shakwe wa pale ni wezi wenye uzoefu.

Msomaji uliye mbali na Suffolk una makanisa yako. Uswisi kuna Saanen, ambako Yehudi Menuhin alianzisha tamasha mwaka 1957 katika kanisa la kijiji, na waliokuja kumsaidia mwaka ule wa kwanza ni hao hao Britten na Pears. Ufaransa kuna Prades, chini ya milima ya Pyrenees, ambako Pablo Casals alikubali kupiga tena chelo mbele ya hadhira mwaka 1950, kanisani. Austria kuna Lockenhaus, kijiji ambacho mpiga fidla Gidon Kremer alikifanya makao ya muziki kuanzia 1981. Ujerumani kaskazini tamasha la Schleswig-Holstein huingia mpaka kwenye mazizi ya farasi. Maswali ya kuuliza ni yale yale: paa ni la nini, nguzo ziko wapi, nani atanirudisha kituoni.

Ukitoka Blythburgh mlangoni kuna sanduku la mchango wa paa. Tumbukiza pauni mbili tatu, malaika wale hawajitunzi wenyewe. Nje bado kuna mwanga wa kutosha kusoma programu, ingawa ni karibu saa nne usiku, na mto umekuwa rangi ya bati.

Na kama fedha yako inatosha jioni moja tu msimu huu, nunua hii: Blythburgh, waimbaji bila ala, kiti cha katikati, safu ya tano au sita. Ila mpigie simu dereva wa teksi kabla hujalipia tiketi.